Simu Tuliyoamuru Ichukuliwe



Wiki hii twaanza na kosa letu wenyewe, kwani mwenye kuwanasihi watu haifai ayafiche yake. Jumatano moja, baada ya darasa ya akina mama ya Alasiri, alitujia mama mjane ambaye mumewe alikuwa hajatimiza mwaka kaburini. Alisubiri wenzake watoke, akakaa pembeni ya mkeka, akasema kwa sauti ya chini:

"Shekhe, nina binti amemaliza Kidato cha Nne. Tangu babake afariki, usiku halali. Nikiamka saa tisa kutia udhu, namkuta na simu ndani ya shuka, vidole vyaenda mbio. Nikimuuliza, asema yuwahesabu. Hesabu gani hizo za gizani? Nimpokonye?"

Nasi, bila ya kuuliza swali la pili, tukamjibu: mpokonye. Tukaongeza na mawaidha marefu juu ya fitina za simu, na juu ya mabanati walioharibikiwa kwa sababu yake. Mama akashukuru, akaenda zake.

Hazikutimia wiki mbili, akarudi. Safari hii alikuwa na daftari la shule, kalikunja ndani ya buibui kama mtu aliyebeba kitu cha aibu. "Simu nimeifungia kabatini," akasema, "lakini sasa aandika haya kwa penseli usiku kucha. Nitazamie, shekhe, yasije yakawa mambo ya uganga."

Tulifungua daftari. Kurasa kumi na zaidi zilikuwa zimejaa mistari mifupi mifupi. Haikuwa Kiswahili, haikuwa Kiarabu, wala haikuwa Kiingereza cha kueleweka. Kulikuwa na mabano, alama za kulinganisha, nukta pacha, na mistari mingine ilisogezwa ndani kwa vipimo kana kwamba imepangwa kwa rula. Lakini katikati ya alama hizo tuliyaona maneno tuliyoyajua: mke, mama, mwana, binti, thumni, sudusi. Tuliyajua kwa sababu ni sisi tuliyemfundisha. Binti huyo alikuwa mwanafunzi wetu wa ilmu ya mirathi, katika darasa ya wasichana ya Jumamosi.

Tukamwomba mama amlete. Binti alipokuja alituamkia, akaketi, akatazama chini. Tulipomuuliza daftari ni la nini, alijibu kwa adabu: "Maalim, ni programu. Nilikuwa naiandika kwenye simu. Simu ilipoondoka, niliiandika kwa penseli nisiisahau. Nikirudishiwa, nitainakili tena."

Alikuwa akitaka kujua, katika kile alichokiacha babake, ni kipi haki ya mamake, ni kipi cha nyanya yake, ni kipi cha kakake, na ni kipi chake yeye na dadake. Mali hayakuwa yamegawanywa. Kila siku palikuwa na mtu mzima aliyesema jambo lake, na yeye mtoto wa kike hakuwa na wa kumuuliza. Basi akaamua kuifundisha simu yake hesabu ya mirathi. Sisi tulikuwa tumemfungia kabatini kitendea kazi chake.

Tangu siku hiyo tumejilazimisha kujifunza jambo hili. Tumewauliza vijana wanaolijua, tumekaa na binti huyo mbele ya mamake tukamtazama akifanya kazi, na leo twaona ni wajibu wetu kuwaeleza wazazi wenzetu tuliyoyaona.

Kilichomo kiganjani

Wengi wetu twaichukulia simu ya kisasa kuwa ni redio yenye picha, au sanduku la barua lenye kelele. Kwa hakika ni kompyuta kamili. Ina ubongo wa kuhesabu, ina kumbukumbu, ina ghala la kuhifadhia, na hufuata kila amri iliyopangwa sawasawa. Tofauti yake na kompyuta ya ofisini ni umbo, na zaidi ya umbo ni mazoea: ile ya ofisini twaikalia tukiwa tumekusudia kazi, na hii ya mkononi twaishika tukiwa tumechoka.

Programu ni nini? Ni maagizo yaliyopangwa hatua kwa hatua, kwa lugha ambayo mashine yaweza kuifuata. Mama anayemwelekeza mwanawe kupika wali wa nazi kwa mara ya kwanza, akamwambia kwanza fanya hiki, kisha kile, na ikiwa tui ni zito ongeza maji kiasi hiki, huyo atunga programu. Ila mtoto aweza kukisia ulilolisahau, mashine haikisii. Usilolitaja, haikulijua.

Wala kuandika programu kwa kifaa cha kutia mfukoni si wazimu wa vijana wa leo. Mwaka 1974 kampuni ya Marekani ya Hewlett-Packard ilitoa kikokotoo cha mkononi kiitwacho HP-65, ambacho mwenyewe aliweza kukiandikia mpango wa hatua 100 na kuuhifadhi juu ya kikadi kidogo cha sumaku. Mwaka uliofuata, chombo cha anga cha Marekani kilipokwenda kukutana na kile cha Urusi ya Kisovieti, wanaanga walikuwa na kikokotoo hicho cha kuhakikishia hesabu zao. Mwaka 1980, kampuni ya Sharp ya Japani iliuza kompyuta ya mfukoni ya PC-1211. Hiyo iliandikiwa kwa lugha ya BASIC, lugha iliyobuniwa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, makusudi ili hata wanafunzi wasiosomea sayansi waweze kuitumia kompyuta. Na mwaka 1991 Waingereza wa kampuni ya Psion walitoa kifaa kidogo cha kufungua na kufunga kama kasha la miwani, chenye vibonye vyake na lugha yake ya programu, na wenye vifaa hivyo wakaandika programu hapo hapo walipokuwa wamekaa.

Kumbukumbu ya ile Sharp haikufika kilobaiti 2. Simu ya bei nafuu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 imeipita takriban mara milioni moja. Waliokuwa na kidogo walikitumia kuhesabia madaraja na safari za angani. Sisi tuliopewa kingi twakitumia kuangalia harusi za watu tusiowajua. Hatusemi haya kwa kejeli, maana na sisi tumo.

Hata barani kwetu mifano iko. Yuko kijana wa Nigeria aliyesimulia hadharani kwamba alijifunza kuandika programu kwa simu ndogo ya Nokia, ile ya vibonye, kwa kuwa nyumbani kwao hapakuwa na kompyuta. Aliandika juu ya kioo kisichopita upana wa vidole vitatu, akaendelea hivyo mpaka akapata ajira ya kuandika programu. Simu aliyokuwa nayo ilikuwa dhaifu kuliko nyingi zilizomo katika mikoba ya wasomaji wetu.

Kazi yenyewe hufanywaje

Binti wetu alitumia programu iitwayo Pydroid 3, ambayo huiweka lugha ya Python ndani ya simu ya Android. Python ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, nayo hupendwa kufundishia kwa sababu maneno yake ni machache na mpangilio wake hauna vurugu. Jambo lililotupendeza ni kwamba ukishaipakua, hufanya kazi bila ya mtandao. Mwanafunzi aweza kuzima intaneti kabisa akabaki na kazi yake. Bando haliliwi, na ujumbe wa marafiki haumkatizi.

Wengine hutumia Termux. Simu za Android zimejengwa juu ya mfumo wa Linux, na Termux huufungua mlango huo: badala ya picha za kubonyeza, hupata kioo cheusi unachokiamrisha kwa maandishi. Humo mtu aweza kuweka Python na lugha nyinginezo, na chombo kiitwacho Git ambacho hutunza kumbukumbu ya kila badiliko alilolifanya, ili akikosea leo aweze kuirudia kazi ya jana. Na anayetaka kutengeneza kurasa za tovuti huhitaji mahali pa kuandikia tu, kwani kivinjari cha kuzionyesha kurasa hizo kimo tayari katika kila simu.

Taabu zake nazo ni za kweli, na mzazi asidanganywe. Kioo ni kidogo: huonyesha mistari michache kwa wakati mmoja, na kibodi ya kioo ikijitokeza hufunika nusu yake. Mabano na alama ambazo mwandishi wa programu huzihitaji kila mstari zimefichwa ukurasa wa pili wa kibodi. Ndiyo sababu zana hizi huongeza safu ya alama juu ya herufi. Python hupambanua maana kwa nafasi zilizoachwa mwanzo wa mstari, na dole gumba likikosea nafasi moja, kazi yote husimama. Shingo huinama, macho huchoka. Tena simu ikielemewa hujifungia yenyewe programu zilizoachwa nyuma, na kazi isiyohifadhiwa hupotea.

Tiba ya nusu ya taabu hizi ni kibodi ndogo ya kuunganisha kwa Bluetooth au kwa waya, na kitu cha kuisimamishia simu. Binti huyo aliisimamisha juu ya kibweta cha kalamu, akaiegemeza ukutani. Kibodi ya kando huacha kioo kizima kwa maandishi, na vidole kumi hufanya kazi iliyokuwa ya viwili. Gharama yake ni sehemu ndogo ya gharama ya laptopu.

Mipaka pia iko. Kazi nzito, kama kutengeneza programu kubwa za simu kwa zana ziitwazo Android Studio, hutaka kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 au zaidi. Simu haitoshi kwa kila kitu. Lakini yatosha kwa kujifunza, kwa kujaribu, na kwa kazi ndogo zenye manufaa. Sisi wa vyuo vya zamani tulianza alifu kwa ubao na wino wa masizi, na ubao ule haukuwa mkubwa kuliko sinia. Hakuna aliyesema tusubiri mpaka tununue msahafu wenye jalada la dhahabu ndipo tujifunze kusoma. Mwanafunzi akishaijua kazi kwa kidogo alicho nacho, siku ya kupata kikubwa hataanza upya.

Mirathi juu ya kioo

Sasa turudi kwenye daftari, maana hapa ndipo tulipofunzwa na mwanafunzi wetu.

Katika karne ya tatu ya Hijra, huko Baghdad, zama za Khalifa al-Maamun, aliishi mwanachuoni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Kitabu chake cha hesabu ndicho kilichoipa dunia neno aljebra, na jina lake mwenyewe, lilipopita katika ndimi za Walatini, likawa ndilo neno wanalolitumia wataalamu wa kompyuta duniani kote kwa maana ya mpango wa hatua za kutatua jambo: algorithimu. Na miongoni mwa haja alizozitaja mwanachuoni huyo, zilizomfanya akiandike kitabu chake, ni kugawa mirathi. Sehemu kubwa ya kitabu ni masuala ya wasia na warithi. Kwa hiyo msichana wa Mombasa anayeipangia mashine hatua za kugawa mirathi hajaingia katika jambo la kigeni. Amerudi nyumbani.

Mirathi yafaa sana kwa kazi hii kwa sababu imejengwa kwa masharti. Ikiwa marehemu ameacha mtoto, mke hupata thumni. Ikiwa hakuacha, hupata robo. Ikiwa yupo mtoto, mama wa marehemu hupata sudusi. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume akiwapo pamoja na wa kike, kwa kadiri ya sehemu mbili kwa moja. Maneno hayo ya "ikiwa" na "kama si hivyo" ndiyo uti wa mgongo wa kila lugha ya programu.

Tukaichukua mirathi ya kwao wenyewe: mke, mama wa marehemu, mwana mmoja na mabinti wawili. Tuliikokotoa sisi kwa kalamu, naye akaiendesha kwa simu. Asili ya mas-ala ni 24: mke ana 3, mama ana 4, zabaki 17 za watoto, ambazo hazigawanyiki kwa mafungu manne. Basi hurekebishwa kuwa 96: mke 12, mama 16, mwana 34, na kila binti 17. Simu ilitoa jibu kabla hatujamaliza kupiga mstari, lakini ilitoa kwa desimali ndefu zisizo na mwisho. Tukamwambia kuwa mirathi haikadiriwi, husemwa kwa sehemu kamili. Akatafuta, akaona kwamba Python ina hazina yake ya kuhesabu sehemu kama sehemu. Akabadilisha mistari miwili, na tazama, 12 juu ya 96 ikatokea kama thumni, haina pungufu wala ziada.

Kisha tukamuuliza: "Mwanangu, umeanzia wapi?" Akasema ameanzia kwenye jumla ya mali. Tukamwambia hapo umewadhulumu wenye kuwia. Kabla ya mrithi yeyote kuguswa na shilingi, hutangulia gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Akaongeza mistari mitatu juu ya yote.

Mwisho tukamtega. Tukamwambia aingize mke, mabinti wawili, baba na mama. Wanafunzi wa fiqhi wanaijua mas-ala hii kwa jina la Mimbariyya, kwa kuwa Sayyidna Ali, Mwenyezi Mungu amridhie, yasimuliwa aliulizwa akiwa juu ya mimbari na akaijibu papo hapo. Simu ikajibu haraka kama ilivyozoea: mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumla 27, katika 24. Simu haikuona haya kugawa zaidi ya kilichopo. Haikuonya wala haikusita.

Binti alikitazama kioo kwa muda, kisha akasema taratibu: "Maalim, kuna aul." Naam. Hisa zikizidi asili, asili hupandishwa, na upungufu huwaenea wote kwa uwiano. Asili ya 24 huwa 27, na thumni ya mke hugeuka kuwa tusui, yaani moja katika tisa. Aliyajua hayo kutoka darasani. Aliyasahau alipokuwa akiandika. Na mashine haikuwa na njia ya kumkumbusha lile asiloiambia.

Hapo ndipo tulipoyaona mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, mwenye kuandika programu hulazimika kulijua somo lake kuliko mwenye kulikariri, kwani kila pengo la fahamu yake hufichuka. Binti huyo sasa anaijua aul kuliko alivyoijua alipofaulu mtihani wetu. La pili, jibu lililotoka katika simu kwa haraka na kwa uhakika laweza kuwa dhuluma tupu. Ndugu zetu, msigawe mali ya yatima kwa programu mliyoipakua bila kujua ni nani aliyeiandika na kwa madhehebu gani. Programu yaweza kumsaidia mwanafunzi kupima hesabu yake, lakini si Kadhi. Mahakama za Kadhi zimewekwa katika Katiba yetu ya 2010 kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu, na huko ndiko haki hudaiwa.

Nasaha kwa wazazi

Hatujasema, wala hatusemi, kwamba kila mtoto anayekesha na simu anaandika programu. Wengi wao hawaandiki, na mzazi anayechelea anachelea jambo lililopo. Tunalosema ni kwamba simu kwa nje huonekana moja, na hukumu juu yake haiwezi kutolewa kwa kumtazama mtoto mgongoni. Swali tulilopaswa kumfundisha yule mama aulize ni hili: "Mwanangu, nionyeshe ulichokitengeneza." Aliyetengeneza kitu atakionyesha, hata kama hukielewi, na uso wake utakunjuka. Ambaye ametazama tu hatakuwa na la kukuonyesha. Swali hilo halihitaji mzazi awe amesoma kompyuta.

Kazi hii ifanyiwe sebuleni, si chini ya shuka. Tulimwambia binti kwamba kukesha kwake, hata kama ni kwa heri, kulimdhulumu nafsi yake na kumtia mamake wasiwasi, na hilo lilikuwa kosa lake katika kisa hiki. Kazi isimamishwe kwa swala na kwa chakula, na baada ya Isha iwe na kikomo kinachojulikana. Macho yapumzishwe kwa kutazama mbali kila baada ya muda. Mwanafunzi awe na daftari karibu. Penseli ya binti huyo, ambayo tulimlazimisha aishike bila kujua, ilimfaa kuliko alivyotarajia: alisema makosa mengi aliyaona kwenye karatasi, alipokuwa hana kioo cha kumkimbiza.

Kazi ihifadhiwe mahali pawili, kwa maana simu huanguka, huibwa, na hutumbukia ndoo ya maji. Na adabu ya ilmu ishikwe. Kunakili kazi ya mwenzako na kuiita yako ni wizi hata kama haina harufu ya wizi. Na anayejua kuiamrisha mashine apate kumbukumbu za siri za watu, ajue zile ni amana. Akiitwa na marafiki kwenye hila za kuchukua pesa za watu kwa simu, hiyo ni haramu kama ya mkono uingiao mfukoni mwa mtu sokoni.

Na kwa mabanati hasa twataka kusema neno. Wako waliomaliza shule na wako nyumbani. Wengine wanamwuguza mzazi, wengine wanalea, wengine nauli ya chuo haipo, sembuse laptopu. Kazi hii hufanyika ndani ya nyumba, kwa staha, katika saa zinazobaki baada ya kazi nyingine. Yaweza kuanza na kitabu cha hesabu cha mama anayeuza mahamri, au orodha ya michango ya chama cha akina mama, au ratiba ya zamu za chuo. Aya za mwanzo kumteremkia Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, zilihimiza kusoma na zikaitaja kalamu. Hatuoni sababu ya kalamu ya zama hizi kuwa halali mkononi mwa kijana wa kiume na kuwa tuhuma mkononi mwa dadake.

Sisi tulikwenda nyumbani kwao baada ya Magharibi, tukaomba radhi kwa binti mbele ya mamake na nyanya yake. Mtu wa umri wetu hupata uzito kufanya hivyo, na uzito huo ndio dawa yake. Mama alifungua kabati, akaitoa simu, akaipangusa kwa upindo wa leso, akampa mwanawe. Kisha akatuuliza swali ambalo hatukulitazamia: "Hiyo kumi na mbili katika tisini na sita, shekhe, ni yangu kweli?" Tukamwambia ni yako, baada ya madeni na wasia, na hakuna mwenye haki ya kukunyima. Akanyamaza. Halafu akamwambia bintiye aiandike kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, pamoja na hisa za wengine wote.

Karatasi hiyo waliichukua wiki iliyofuata kwenda nayo kwa Kadhi. Shauri bado linaendelea, na twamwomba Mwenyezi Mungu alifikishe kwenye haki, awarehemu marehemu wetu, na awanufaishe watoto wetu kwa walivyo navyo mikononi.

Wabillahi tawfiq.